Taa za barabarani za mfano: swichi, chipu mbili au Arduino?

Anayetaka kuunda taa za barabarani za mfano kwa mara ya kwanza ana njia tatu mbele yake, na zote humpa kitu kilekile machoni: nyekundu, kijani na manjano zikipokezana juu ya nguzo. Zinapotofautiana ni kwenye swali moja: nani anahesabu muda? Ukitumia swichi, anayehesabu ni wewe kwa mkono wako. Ukitumia chipu mbili, 555 na 4017, anayehesabu ni kapasita, kipande kinachohifadhi umeme kidogo, inayojaa na kumwagika. Ukitumia Arduino, bodi ndogo inayoendeshwa na programu, inahesabu programu uliyoiandika. Kutoka hapo ndipo zinapozaliwa tofauti za gharama, za ugumu, na za makosa yatakayokukalisha usiku.

Tunalinganisha kwa kumfikiria mtu aliye Malindi, na wa Lamu atajiona humu pia. Stima hupotea bila taarifa, hewa ya bahari hula shaba, na rezista, kile kipande cha kupunguza mkondo wa umeme, ikipungua hakuna duka la vipuri la kukimbilia kila mtaa. Saketi nyingi zinazosifiwa hazikuwazwa kwa mazingira hayo.

Yasiyobadilika, njia yoyote utakayochagua

LED, ile taa ndogo ya kielektroniki, haijui kujizuia. Ukiiunganisha moja kwa moja kwenye betri ya volti 9 itamulika kwa nguvu kwa muda mfupi tu kisha ife, ndiyo maana kila LED hupewa rezista yake. Hesabu yake ni rahisi: chukua volti za betri, toa volti zinazoliwa na LED, kisha gawanya kwa mkondo unaoutaka. LED nyekundu hula takriban volti 2. Kwa betri tatu ndogo za tochi, yaani volti 4.5, rezista ya omu 220 huipa kama miliampea 11, na hizo zinatosha. Kwa volti 9, weka omu 470 upate karibu miliampea 15.

Kijani ndiyo inayowachanganya wengi. Ziko LED za kijani za aina mbili: ile ya zamani, ya kijani chenye umanjano, inayokula kama volti 2.1, na hii mpya kali inayokula volti 3 na ushei. Ukitumia betri mbili tu za tochi, volti 3, nyekundu itawaka vizuri na kijani kali itawaka kwa shida au isiwake kabisa, nawe utadhani imeungua. Tatizo ni volti hazijafika. Ongeza betri ya tatu.

Soma rangi za rezista mchana. Omu 220 ni nyekundu, nyekundu, kahawia. Kilo-omu 22 ni nyekundu, nyekundu, chungwa. Kwenye mwanga wa koroboi kahawia na chungwa ni ndugu, na LED yenye kilo-omu 22 huwaka kwa unyonge wa kukufanya uilaumu betri. Ukiwa na mita ya kupimia umeme, pima kila rezista kabla ya kuichomeka.

LED ina mguu mrefu na mfupi. Mrefu huenda upande wa chanya. Ikiwa imetolewa kwenye kifaa kibovu na miguu imekatwa, tazama ukingo wake: upande uliochongwa bapa ni wa hasi. Chagua zenye kioo chenye ukungu, za milimita 5 au 10. Zenye kioo angavu hummulika aliye mbele yake tu, na aliyekaa pembeni haoni kitu. Ukikosa zenye ukungu, zisugue kidogo kwa msasa laini.

Kuhusu umbo lenyewe, kadibodi hulegea mapema katika unyevu wa pwani. Kipande cha paipu ya plastiki ya maji, kilichotobolewa matundu matatu na kupakwa rangi nyeusi, hudumu. Juu ya kila tundu bandika kofia ndogo iliyokatwa kwenye chupa ya plastiki na kupakwa nyeusi upande wa ndani, maana jua la Malindi la saa sita mchana huizima LED yoyote ya kawaida machoni pa mtazamaji.

Swichi: kwa darasa la siku moja

Unahitaji LED tatu, rezista tatu za omu 220, kishikio cha betri tatu na swichi. Ukitumia swichi tatu za kawaida, watoto wataziwasha zote kwa pamoja na taa za barabarani zitageuka mapambo ya harusi. Afadhali swichi moja ya kuzungusha yenye vituo vitatu au zaidi, ambayo haiwezi kuwasha rangi mbili kwa wakati mmoja. Chanya ya betri huingia kwenye mguu wa katikati wa swichi, kila kituo hutoka kwenda kwenye rezista, kutoka rezista kwenda mguu mrefu wa LED, na miguu mifupi yote mitatu hukutana kwenye hasi.

Kazi nzima ni saa moja, na kwa kuwa LED huwaka moja tu kwa wakati, betri za alkali zitakwenda zaidi ya saa mia moja. Kinachoharibika ni kiungo kilicholegea au LED iliyogeuzwa, basi. Hata kishikio cha betri unaweza kukikwepa: tochi kuukuu iliyokwisha kazi ina nafasi ya betri, swichi na chemchemi zake tayari.

Udhaifu wake ni kwamba mfano huu haufanyi kitu mtu akiondoka. Kwa mtoto wa miaka minane au tisa hilo si hasara. Yeye ndiye askari wa trafiki, na kuzungusha ndiyo raha yenyewe. Kwa mwanafunzi wa sekondari anayetaka kupeleka kazi kwenye maonyesho ya sayansi, haitoshi.

555 na 4017: njia inayofundisha zaidi

Tutakaa hapa kidogo, kwa sababu njia hii huachwa na wengi kwa kuonekana ya kizee. Chipu ya 555, inayotoa mapigo ya umeme kwa muda uliopangwa, ilibuniwa na Hans Camenzind kwa kampuni ya Signetics mwaka 1971 na ikaanza kuuzwa 1972. Mpaka leo inatengenezwa, na mafundi wa redio wengi wanaijua. Bei yake ni makumi ya shilingi. 4017 ni mhesabuji: kila inapopokea pigo moja la umeme huzima mguu mmoja na kuwasha unaofuata, mpaka miguu kumi iishe, kisha inarudi mwanzo.

Vifaa vya barabara moja: NE555 moja, CD4017 moja, rezista tatu za kilo-omu 10 na tatu za kilo-omu 1, kapasita mbili za mikrofaradi 100 za volti 16, kapasita moja ya nanofaradi 10 na tatu za nanofaradi 100, daiodi nne za 1N4148 (vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu), LED tatu, betri ya volti 9 na kifuniko chake chenye waya, na bredibodi, ule ubao wa mashimo unaochomekwa vifaa bila kulehemu.

Anza na 555 peke yake. Ishike chipu kidaka chake cha nusu duara kikiwa kushoto: mguu wa 1 ni wa chini kushoto, na hesabu huenda kulia kisha hupanda na kurudi kushoto. Mguu wa 1 kwenye hasi, 8 na 4 kwenye chanya. Rezista ya kilo-omu 10 kati ya 8 na 7, nyingine kati ya 7 na 6. Unganisha 6 na 2 kwa waya. Kapasita ya mikrofaradi 100 kati ya 6 na hasi, mstari wenye alama ya kutoa ukielekea hasi. Nanofaradi 10 kutoka mguu wa 5 kwenda hasi. Kwenye mguu wa 3 jaribu LED yenye rezista ya kilo-omu 1: inapaswa kuwaka kama sekunde 1.4 na kuzima kama 0.7. Mzunguko mzima ni sekunde 2.1 hivi, unaotokana na kuzidisha 0.693 kwa jumla ya rezista ya kwanza na mara mbili ya ile ya pili, kisha kwa kapasita. Ukipata 1.8 au 2.4 usihangaike, kapasita za aina hii hukosea kwa asilimia 20 kwa kawaida yake. Pigo la kwanza baada ya kuwasha huwa refu kuliko mengine, kwa sababu kapasita inaanza kujaa kutoka sifuri.

Usiendelee mpaka hiyo LED ipepese. Wanaounganisha chipu zote mbili ndipo waweke betri hukaa na saketi iliyokufa bila kujua kosa liko kwa nani.

Sasa 4017. Mguu wa 16 kwenye chanya, 8 kwenye hasi. Mguu wa 13 kwenye hasi, na huu ndio unaosahaulika. Mguu wa 14 hupokea pigo kutoka mguu wa 3 wa 555. Mguu wa 15 ni wa kurudisha hesabu mwanzo: ushushe kwenye hasi kupitia kilo-omu 10, na uweke nanofaradi 100 kati yake na chanya, ili kila ukiwasha hesabu ianzie sifuri badala ya popote.

Rangi zinagawanywa kwa ujanja mmoja mzuri. Mguu wa 12 hukaa juu, yaani una umeme, kwa hesabu tano za kwanza, na chini, yaani hauna, kwa tano za mwisho. Kwa hiyo nyekundu haihitaji daiodi hata moja. Iunganishe kutoka mguu wa 12 kupitia kilo-omu 1. Kijani inachukua hesabu nne zinazofuata: miguu ya 1, 5, 6 na 9, kila mmoja kupitia daiodi yake, mstari mweusi wa daiodi ukielekea LED, zote zikikutana kwenye rezista moja ya kilo-omu 1. Manjano inachukua hesabu ya mwisho, mguu wa 11, na rezista yake. Utapata nyekundu sekunde 10 na ushei, kijani kama 8, manjano 2. Usiitafute mantiki katika mpangilio wa miguu ya 4017, haumo. Uchapishe au uuchore kwenye karatasi ukae mezani.

Daiodi ni za nini? Mguu mmoja wa kijani ukiwa juu, mitatu mingine iko chini. Ukiifunga pamoja bila daiodi, ule mmoja unasukuma umeme ndani ya mitatu, chipu inapata joto na LED haiwaki. Wanaoona daiodi ni urembo hugundua hapo.

Makosa ya njia hii yana sura zake. Taa zikibadilika unaposogeza mkono karibu bila kugusa, mguu wa 13 au wa 15 umeachwa hewani. Taa zikiruka hatua, mathalani manjano ikipotea kwenye baadhi ya mizunguko, ni 555 inayotikisa umeme wa betri kila inapobadilika, na 4017 inahesabu mtikisiko kuwa pigo. Dawa ni nanofaradi 100 karibu kabisa na miguu ya umeme ya kila chipu, pamoja na ile mikrofaradi 100 ya pili kati ya chanya na hasi. Nusu ya saketi ikiwa haina umeme, angalia bredibodi yako: nyingi za ukubwa wa mashimo 830 zina reli za umeme zilizokatika katikati, na lazima uziunganishe kwa waya.

Usijaribu kuongeza mwanga kwa kushusha rezista mpaka omu 220. 4017 haina nguvu ya kutoa mkondo mkubwa. Miliampea 5 hivi ndiyo starehe yake. Ukitaka taa kubwa weka transista ya BC547, kipande cha kukuza mkondo, kwa kila rangi, lakini hiyo iache kwa toleo la pili.

Arduino: njia inayopanuka

Bodi hii ilizaliwa Ivrea, Italia, mwaka 2005, kwa hiyo kwa mji wenye Waitaliano wengi kama Malindi si mgeni sana. Uno ndiyo aina yake inayoanziwa na wengi. Nakala yake isiyo ya asili huuzwa zaidi ya shilingi elfu moja, yaani bei ya 555 na 4017 za darasa zima. Nano ni ndogo, huchomekwa juu ya bredibodi yenyewe, na kwa kazi hii inatosha kabisa.

Upande wa waya ni mwepesi mno: LED tatu, rezista tatu za omu 220, zikitoka kwenye miguu ya 8, 9 na 10 kwenda hasi. Epuka miguu ya 0 na 1, inayotumiwa na mazungumzo ya kompyuta. Kila mguu utoe miliampea 20 kwa wingi. Kwa omu 220 nyekundu inakula kama 14, uko salama.

Programu ina amri tatu za kujua: pinMode ya kusema mguu ni wa kutoa, digitalWrite ya kuwasha au kuzima, na delay ya kusubiri, ambayo hupewa muda kwa milisekunde. Washa nyekundu, subiri 10000, izime. Washa kijani, subiri 8000, izime. Washa manjano, subiri 2000, izime. Ukisahau kuzima kabla ya kuwasha inayofuata, baada ya mzunguko mmoja utakuwa na rangi zote tatu. Ukisahau pinMode, LED itawaka kwa mwanga hafifu kama mkaa unaokufa, na utabadilisha rezista bure.

Lakini kosa la Arduino mara nyingi halipo kwenye saketi. Lipo kati ya bodi na kompyuta. Nakala nyingi hutumia chipu ya CH340 kwa USB, na kompyuta kuukuu huhitaji programu yake ndogo isakinishwe kwanza. Kebo zingine ni za kuchajia tu, hazina waya za data: bodi inawaka lakini kompyuta haiioni. Nano nyingi za bei nafuu hukataa kupokea programu mpaka uchague kichakataji kilichoandikwa Old Bootloader kwenye menyu. Mambo haya yatatue nyumbani palipo na intaneti, sio siku ya darasa.

Kisha kuna njaa yake. Uno pekee, bila LED, hula karibu miliampea 50. Betri ya mraba ya volti 9 itakwisha baada ya saa chache tu. Pawabanki inafaa zaidi, ila ziko zinazojizima zenyewe zikiona mkondo ni mdogo, zikidhani simu imejaa. Ijaribu kwa dakika kumi kabla ya kuitegemea. Ile saketi ya 555, inayokula miliampea 12 hivi kwa barabara moja, hukaa zaidi ya siku nzima kwenye betri hiyohiyo ikiwa ni ya alkali.

| | Swichi | 555 na 4017 | Arduino |
|---|---|---|---|
| Muda wa kuunda | saa 1 | nusu siku | saa 2, kompyuta ikikubali |
| Kubadilisha sekunde | mkono | kubadilisha rezista au kapasita | kubadilisha namba |
| Kinachohitajika zaidi | hakuna | mita | kompyuta na kebo ya data |
| Kosa la kawaida | LED imegeuzwa | mguu ulioachwa hewani | kompyuta haiioni bodi |
| Kitufe cha waendao kwa miguu | hapana | kwa tabu | ndiyo |

Ukitaka njia panda ya barabara mbili

Hapa mizani inaanza kuegemea upande mmoja. Swichi hutoka mchezoni. 4017 bado inaweza, na kwa uzuri: kijani ya barabara ya pili inachukua miguu ya 3, 2, 4 na 7 kwa daiodi nne nyingine, manjano yake mguu wa 10, na nyekundu yake inaunganishwa kinyume, kutoka chanya kupitia kilo-omu 1, ndani ya LED, mguu mfupi ukiingia kwenye mguu wa 12. Mguu huo ukiwa juu huwasha nyekundu ya kwanza. Ukishuka huwasha ya pili. Hapa rezista zikiwa ndogo, nyekundu inayopaswa kuzima huweza kubaki na mwanga wa mzimu, kwa kuwa mguu unashindwa kupanda mpaka juu. Sababu nyingine ya kubaki na kilo-omu 1.

Inachokosa ni ule muda mfupi ambapo pande zote ni nyekundu. Kwenye njia panda halisi muda huo huachwa makusudi ili gari lililochelewa kwenye manjano lipate kutoka. Kwenye ujanja wetu wa mguu wa 12, nyekundu ya huku huwaka papo hapo kijani ya kule inapowaka. Mtu anaweza kurekebisha kwa daiodi nyingi zaidi, lakini bredibodi inageuka wavu wa kuvulia.

Kwa Arduino muda huo ni mistari miwili ya ziada kwenye programu. Tumia miguu ya 2 hadi 7 na hatua sita: kijani na nyekundu, milisekunde 8000, manjano na nyekundu, 2000, nyekundu zote, 1000, kisha hizohizo kwa upande wa pili. Mzunguko mzima ni sekunde 22. Ukitaka nyekundu na manjano ziwake pamoja kabla ya kijani, kama ilivyo Uingereza, ongeza hatua tu.

Kitufe cha waendao kwa miguu ndicho kinachotenganisha anayenakili na anayeelewa. Kitufe kati ya mguu wa 8 na hasi, mguu ukiwekwa INPUT_PULLUP (hali ya kusoma, bodi yenyewe ikiuvuta juu), husomeka chini kinapobonyezwa. Lakini programu ikiwa ndani ya delay ya sekunde 8 haisomi kitu. Mtoto anabonyeza, anaachia, na ombi lake limepotea. Inabidi uache delay na utumie millis, saa ya ndani ya bodi, ukiiuliza kila mara kama muda umetimia. Na hapo kuna mtego: ukihifadhi muda huo kwenye namba ya aina ya int, kwenye Uno haipiti 32767. Taa zitakwenda vizuri kwa nusu dakika, kisha zitaanza kukimbia hovyo mpaka zionekane zote zinawaka. Tumia unsigned long.

Hewa ya bahari

Bredibodi ni ya majaribio popote duniani, na kwa Malindi na Lamu ni ya muda mfupi zaidi. Chumvi inayokuja na upepo wa kusi hukaa kwenye vibanio vyake vya ndani, na baada ya miezi kadhaa waya inayogusa leo haigusi kesho. Miguu ya chipu ikipata tabaka la chumvi lenye unyevu, umeme kidogo hupita kati ya mguu na mguu, na 4017 huathirika kwa sababu milango yake ya kuingilia husikia hata mnong'ono. Mfano wa kukaa darasani mwaka mzima ulehemu kwenye bodi ya mashimo yenye mistari ya shaba, weka vishikio vya chipu ili chipu ibadilishwe bila moto, safisha kwa spiriti, kisha paka upande wa shaba rangi ya kucha isiyo na rangi. Betri zitolewe shule zikifungwa. Zikivuja, pamoja na chumvi, kishikio hakina maisha.

Kwa upande huu 555 inashinda waziwazi. Kikiharibika kitu unabadilisha kipande cha makumi ya shilingi. Nano iliyoota kutu kwenye tundu la USB ni ya kutupwa.

Nani achukue ipi

Mwalimu wa shule ya msingi mwenye kipindi kimoja na watoto wengi: swichi, na usijisikie mnyonge. Fungu la watoto wanne kwa seti moja.

Mwanafunzi anayetaka kuijua elektroniki, au shule inayotaka kifaa cha kudumu na haina kompyuta ya kutegemea: 555 na 4017, bila kusita. Atakuwa amegusa rezista, kapasita, daiodi, muda na kuhesabu, na kila kimoja atakuwa amekiona kikifanya kazi yake. Anayeanza na Arduino huweza kumaliza mradi mzima bila kujua kwa nini rezista ipo.

Mwenye kompyuta, anayelenga njia panda kamili yenye kitufe, au anayejua mradi huu ni hatua ya kuelekea mambo makubwa zaidi: Arduino. Aanze na Nano, na atengeneze kwanza barabara moja kwa delay kabla ya kuigusa millis.

Kuna walio na uwezo wa kununua vyote. Hao waunde barabara moja kwa chipu, kisha waing'oe 555 na waache mguu mmoja wa Arduino upige mapigo ya 4017 mahali pake. Kwa kuwa Arduino inatoa volti 5 na 4017 ya volti 9 haitaliona pigo hilo kuwa juu, ilishe 4017 pia kwa volti 5 za bodi, hasi zikiwa zimeunganishwa pamoja, na rezista za LED zishuke mpaka omu 470.

Vipuri visivyopatikana kwa fundi wa redio wa mtaani huagizwa Mombasa, au Nairobi kwenye maduka ya Luthuli Avenue, na huja kwa basi. Vya Lamu vitashushwa Mokowe na kuvuka kwa boti. Kifurushi cha rezista moja husafiri kwa nauli ileile ya kifurushi cha hamsini. Agiza 555 tatu, 4017 mbili, daiodi ishirini, LED kumi za kila rangi na rezista za kilo-omu 1, kilo-omu 10, omu 220 na omu 470 kumi kumi, na kama ni Arduino, ongeza kebo ya pili.